Trekta la Kurudi Nyuma

Trekta aliloniachia baba lilikuwa na gia nne za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, na mwaka huo ni hiyo moja tu iliyokubali kukaa. Ukitia ya kwanza, mkono wa gia ulikuwa mzito kama umeshikwa na mtu kwa chini. Ukilazimisha, uliingia nusu, trekta likasogea kidogo, kisha gia ikaruka yenyewe. Kwa hiyo nililitoa shambani kinyumenyume, shingo imepinda, kutoka kando ya mto hadi nyumbani. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walinisindikiza njia nzima, wakiniuliza kama ng'ombe wangu anaogopa njia.

Sisi ni Wabajuni, asili yetu ni kisiwa cha Chovai. Babu ndiye aliyetoka kisiwani akaja kulima mahindi na ufuta huku bara, karibu na Kismayo, na trekta alilipata mashamba ya ndizi yalipokufa. Ami yangu, mdogo wake baba, ndiye mkubwa wa nyumba sasa, naye ni baharia wa miaka mingi. Aliponiona naingia uani kwa kisogo hakucheka.

"Mashine imekufa, mwanangu," alisema. "Jumamosi mnunuzi wa vyuma anakuja na lori. Nimeshampa kauli."

Mimi si msemaji. Lakini trekta lile nililijua, maana tangu nitoke shule ya msingi nilikuwa nikimshikia baba spana. Likiondoka, shamba letu lingelimwa kwa jembe la mkono, na mikono iliyobaki ni yangu na yake.

"Ami, naomba hizi siku tatu," nikasema.

"Chukua. Lori haliji kabla."

Kila aliyepita alisema ni klachi. Sikubishana na mtu. Klachi isipoachia, gia hupiga kelele injini ikiwa inazunguka, lakini ukiizima huingia bila taabu. Nikaizima. Mkono ukawa mzito vilevile, basi klachi nikaiacha ipumzike. Kesho yake nikaona jambo jingine. Asubuhi mkono haukusogea hata kidogo, ila alasiri, chuma kikiwa kimeshapigwa na jua, ulilegea. Jino lililovunjika halijali jua. Kinachojali jua ni mafuta.

Nikaweka karai chini ya sanduku la gia, nikafungua nati ya kumwagia oili. Hakikutoka kitu. Nikangoja. Kisha kikashuka kitu cheusi, kinavutika kama halua ambayo haijashika, na uani pote pakanuka papa.

Niliijua harufu ile. Ni sifa, mafuta ya ini la papa tunayopaka mbao za vyombo zisiliwe na wadudu wa baharini. Yakikauka hugeuka gundi.

Ami alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Baba yako alipokuwa amelazwa," alisema, "mashine ilikuwa inalia. Chombo kikilia kwetu hupewa sifa. Nikaipa. Nyingi."

Ningeweza kuuliza kwa nini hakusema. Nikajibu, "Ilikuwa imekauka, Ami. Bila hiyo sifa meno yangesagana yakaisha. Ngoja tuyaone."

Nikafungua kifuniko cha juu. Meno yote yalikuwa mazima, nikayapitisha kidole moja moja. Ila vile vigololi vidogo vinavyoshika gia isiruke vilikuwa vimeganda kwenye matundu yao. Nikavichokoa kwa msumari, nikaviosha kwa dizeli, nikavirudisha na springi zake. Kisha nikalijaza sanduku dizeli, nikawasha injini izunguke kidogo bila gia, nikamwaga. Nilifanya hivyo mara tatu, hadi ikatoka safi. Nilipoinua kichwa ami hakuwepo. Alikwenda mjini, akarudi amebeba galoni ya oili ya gia begani, akaitua miguuni pangu, tukaimimina sandukuni na kufunga kifuniko.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, mnunuzi alifika. Alikuwa mtu mcheshi.

"Ndilo lile la kinyumenyume?" aliuliza. "Habari zake nimezikuta sokoni. Nyinyi Wabajuni mmezoea kasia, mchu, kama mnavyomwita mtu, huvuta huku anatazama alikotoka."

"Kauli niliyokupa naivunja," ami akasema. "Aibu ni yangu. Na kosa lilikuwa langu, niliipa sifa."

Mnunuzi alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya lori. "Papa kwenye gia, adeer?" alisema, akimwita ami kwa Kisomali. "Na paka wa mtaa mzima hawakuja?" Kisha akanigeukia. "Haya, liendeshe tuone. Nisije bure."

Nilipanda. Nikakanyaga klachi, nikatia ya kwanza, ikaingia yote na kukaa. Nikatoka langoni nikitazama mbele, nikatia ya pili, nikazunguka kisima, nikarudi kwa ya tatu. Kila gia ikishaingia niliuachia mkono wake, ili wote waone kwamba hauruki.

Mnunuzi alilitazama kwa macho ya mtu aliyenyimwa. "Hili si chuma tena," akasema, akapanda lori lake tupu na kwenda.

Ami alilizunguka trekta, akapiga tairi teke dogo, akanitazama nilivyokaa juu.

"Shuka," akasema. "Nioneshe ya kwanza iko wapi."