Masharubu Yanayongoja Kibali

Saa tatu asubuhi, fundi viatu anavuka barabara kwenda bombani, mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride. Ndoo ameisahau kibandani.

Mkewe, anayeuza kamba za viatu pembeni yake, anasema mikono hiyo ndiyo aliyoiona kwanza, hata kabla masharubu hayajajaa.

"Kaenda kuigiza siku mbili, karudi na mwendo wa mtu mwingine," anasema.

Fundi huyo, ambaye wateja sasa humwita Mheshimiwa, amemwigiza kiongozi wa zamani, sasa marehemu, katika filamu ya maisha yake. Amepewa sehemu ya uzeeni, pale kiongozi anaposimama mbele ya wafanyakazi aliowafukuza na kuwaomba radhi.

Bodi ya ukaguzi huirudisha filamu kila mara. Safari hii imesema kiti anachokalia kiongozi hakilingani na cheo chake. Na kwa kuwa fundi anaweza kuitwa kurudia, mkataba unamkataza kunyoa masharubu aliyofuga kama ya kiongozi hadi kibali kitoke.

Nje ya jumba la sinema, hatua chache kutoka kibandani, watu wanaandamana. Wafuasi wa kiongozi wanadai mzee wao hakukosa lolote hata aombe radhi. Mahasimu wake wanadai alikosa mengi na hakuomba radhi hata siku moja.

"Kwamba hakuomba, hapo wamekubaliana," anasema fundi, misumari midogo ikiwa imebanwa midomoni.

Maandamano hula soli, hivyo pande zote mbili huishia kwenye benchi lake, mabango yameegemezwa ukutani. "Mwenye kiatu kimoja hana siasa," anasema.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Baba mkwe wake, anayeishi nao, alikuwa fundi wa karakana ya reli na kweli alifukuzwa na kiongozi yule pamoja na wenzake. Masharubu yalipojaa, mzee aligeuza kiti, akawa anakula akitazama ukuta.

Mke alimsihi mumewe anyoe. Fundi akamwonyesha mkataba. Mke akamuuliza kama mkataba ndio uliomwozesha.

Kisha mchana mmoja mzee alifika kibandani na kiatu mkononi, akakaa hadi wateja wakaisha.

"Baba, kiatu hiki kizima."

"Najua. Sema yale maneno."

Fundi akasimama, mikono nyuma. "Niliwatoa kazini bila kosa lenu. Naomba mnisamehe."

"Sema tena. Na utoe hiyo misumari mdomoni."

Akaitoa, akasema tena. Mzee akavaa kiatu chake, akafunga kamba taratibu mno, akatamka tu kwamba yule mwenyewe alikuwa mrefu zaidi. Jioni hiyo aligeuza kiti tena, akala akiwatazama wa nyumbani.

Sasa huja karibu kila siku. Kiatu ni kilekile.

Fundi ana mpango mmoja: kibali kikitoka tu, anakwenda kwa kinyozi, tena kwa mbio. "Mke wangu kavumilia vya kutosha," anasema, kisha anaichukua ndoo na kurudi bombani.

Mkewe anamsindikiza kwa macho hadi afike mbali. Halafu anamwambia mwandishi jambo ambalo hajamwambia mtu, hata mumewe.

"Andika tu, magazeti yeye hufungia viatu. Kila usiku naiombea ile bodi ione kasoro nyingine."