Mitungi ya Upepo Ukutani Kwetu

Baba alikuwa fundi wa breki za malori pale Bariadi mpaka kifua kilipomkataza. Kumuuguza nikabaki mimi. Ndugu zangu walisema kazi hiyo nimezaliwa nayo, maana kutoka nyumbani sipendi. Cheti changu cha kidato cha nne kinakaa kabatini, mimi nakaa sebuleni.

"Hata kuku wetu wametembea kuliko wewe," baba alikuwa akinitania.

"Kuku hawana baba mgonjwa."

Betri ya sola ilipokufa, tena ya pili, baba akasema hataki kusikia habari za betri. Akanielekeza toka kitandani, nami nikafunga: mitungi ya upepo ya malori mabovu ukutani, kompresa ya kujazia matairi, na bunduki ya upepo ya kufungulia nati, ambayo sasa ilizungusha dainamo. Umeme ukiwapo, kompresa inajaza mitungi. Ukikatika, unafungua koki, na taa ya chumbani kwa baba inawaka mpaka maharage yaive. Tuliijaribu mchana. Ilikoroma kama fisi mwenye mafua, ikawaka.

"Mchana si kitu," baba akasema. "Nataka giza lenyewe. Mtaa mzima hauonekani, mimi naonekana."

Hilo tu ndilo alilokuwa akilisubiri. Tukawa watu pekee Bariadi tunaoomba umeme ukatike, na ukagoma kukatika.

Ukakatika msimu wa pamba, siku moja niliyotoka kwenda kumtafutia dawa. Mchana kweupe, na mafundi pancha wote wakawa hawana upepo. Wenye baiskeli za magunia kutoka kijiji cha Migato, wakipeleka pamba ghalani, matairi yamelala, wakaelekezwa kwetu.

"Mayu, tusaidie upepo."

Mama hajawahi kumnyima mpita njia maji. Hewa angeinyimaje?

Niliporudi, giza lilikuwa linaingia, umeme bado haujarudi. Baba alikuwa ameshaegemezwa mito, amevaa shati safi. Nikafungua koki. Ikasema fyuu, mara moja, kama mtu anayesonya. Taa haikushtuka hata kidogo.

"Upepo uko wapi?" baba akauliza.

"Nimewapa watu wa pamba," mama akajibu.

Alisimama mlangoni, kanga mdomoni. Baba akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Walifika ghalani?"

"Watakuwa wamefika," mama akasema.

"Haya. Washeni kibatari." Akageukia ukutani, na shati lake safi.

Hakuuona umeme ukikatika tena. Ulikatika tukiwa tumeshamzika, waombolezaji bado wako uani, mitungi imejaa pomoni. Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikafungua koki, taa ikawaka, nyeupe, imetulia, juu ya kitanda kisicho na godoro. Mtaa mzima ulikuwa hauonekani.

Mama akaja akasimama palepale mlangoni. Akakitazama kitanda.

"Funga, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Kuna watu wa Migato pale nje wanarudi kwao. Wajazie matairi."