Ukurasa wa Mlango

Bibi yangu hakuwahi kumpa mtu karafuu bila kuzifunga kwenye karatasi, hata siku zile risasi zinalia upande wa milimani na mteja anahangaika kurudi kwake. "Ngoja," anamwambia, "karafuu si mchanga." Anachomoa karatasi kwenye msumari, anaizungusha mkononi inakuwa pembe, anaijaza, anakunja mdomo, tayari. Duka letu la viungo lilikuwa mtaa wa Buyenzi, na Buyenzi nzima iliujua mkunjo wa Bibi.

Karatasi zenyewe Amu, mdogo wake baba, alizinunua Kinindo, mtaa wa matajiri. Wazungu wa mashirika walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwa sababu ya vita, na kila aliyeondoka aliacha rundo la magazeti. Walinzi wa yale majumba waliyauza kwa kilo, Amu akayaleta kwa gari, Bibi akakaa na mkasi. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyethubutu kuugusa. Anapasua gazeti katikati, kisha anakata pembeni pande zote nne, kwa sababu pembeni, alisema, ndipo watu wanaposhika na vidole vyenye mate. Halafu anazitunga kwenye msumari bila kujali ipi imetoka wapi. Kwa hiyo namba za kurasa ziliishia kwenye ndoo ya taka, na hatukuona ubaya wake mpaka siku ya bede.

Bede, kwa asiyejua, ni kitabu cha hadithi ya picha za rangi, watu wanaongea ndani ya viputo. Siku hiyo vijana walikuwa wameziba barabara kwa mawe, hakuna shule wala kazi, na mimi na rafiki yangu tumejibanza nyuma ya magunia ya mchele tunabishana. Yeye alikuwa jirani yetu wa nyumba ya uani. Baba yake alikuwa karani wa serikali, na walihamia Buyenzi baada ya kartiye yao, mtaa waliokuwa wanaishi, kuwa haikaliki tena. Wao Wakristo, sisi Waislamu wenye asili ya Omani. Noeli tulikula kwao, Idi walikula kwetu, na siku zilizobaki tuligombana. Yeye alijua Kifaransa vizuri kwa sababu baba yake alilazimisha kizungumzwe mezani. Mimi nilijua kupayuka. Tulifaana.

Alinyoosha mkono kwenye msumari, akachomoa karatasi ya juu, ukurasa wa bede uliochanganyika na magazeti, akapiga kelele. "Yewe! Angalia hii!"

Walikuwa mashujaa watano waliovaa nguo za kubana. Mapacha wawili wanaopaa, mwanamke wa mikono ya kioo, mzee mwenye mashine mgongoni, na mdogo kuliko wote, msichana wa nguo za njano, ambaye hatukuona ana nguvu gani. Mji wao ulikuwa umebomoka wote. Mzee alikuwa ametengeneza mlango wa kuwarudisha nyuma, hadi siku moja kabla jiwe la kwanza halijarushwa, ili wakalizuie.

"Bibi!" nikapayuka. "Zingine ziko wapi?"

"Zimeenda na wateja," alisema bila kuinua macho. "Na mupunguze makelele, mutaniumiza kichwa."

Mawe yalipoondolewa tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hodi, tumekuja kuomba karatasi ya bizari! Watu walitushangaa. Mama mmoja alidhani bizari imeingia sumu na Bibi anaona haya kusema, nusura aimwage. Mwingine alikuwa ameshawashia mkaa, vita vyote vya angani vimeteketea jikoni kwake, tukaambulia pole. Karatasi ya bizari yenyewe ilikuwa imeingia rangi, kila shujaa amekuwa wa njano, tukakosana mchana kutwa yupi ni msichana na yupi ni pacha. Ile ambayo mtu alishaifungia ndagala, dagaa wa ziwani, tuliisoma tumeziba pua. Mpaka leo nikisikia harufu ya mdalasini namwona mwanamke wa mikono ya kioo anapigana juu ya daraja.

Tulizitia kwenye kopo la biskuti, na jioni, kabla ya saa ya kuvrefe, marufuku ya kutembea usiku, wakati hakuna ruhusa ya kwenda mbali na hakuna la kufanya, tulisomea uani. Yeye anasoma Kifaransa, mimi nageuza kwa Kiswahili, na nikiona maneno machache naongeza yangu. Kina mama wanachambua maharage huku wanasikiliza. Siku moja mmoja wao akauliza, hivi na sisi tukipewa mlango huo, tutarudi siku gani? Kila mtu alikuwa na siku yake, na hakuna aliyetaka kuitaja. Ndipo jirani mmoja mnene, muuza maandazi, akajikohoza.

"Mi narudi siku ya ndoa yangu," akasema. "Nimuambie shehe, apana, ngoja kwanza nifikiri."

Walicheka hadi maharage yakamwagika, na mume wake akawasikia kutoka barabarani akaja kuuliza kuna nini.

Shida yetu ilikuwa mpangilio. Bibi ameshakata namba, kwa hiyo tulipanga kurasa kwa akili zetu. Nyingi zilikubali zenyewe, maana mtu hawezi kupigana kabla ya kufika. Lakini mbili zilitushinda.

Wa kwanza ni ukurasa wa mlango. Kazi imeshafanyika, mashujaa wanne wamesharuka kurudi kwao, na adui anawafuata mbio. Mlango ule haufungiki mpaka mtu ausukume kutoka upande wa zamani. Basi yule mdogo wa njano amebaki huko, ameweka mikono yote miwili juu ya ubao, anasukuma. Hiyo ndiyo nguvu yake, na tuliijua hapo tu. Wa pili ni ukurasa wa meza. Wote watano wamekaa wanakula, sahani tano, wanacheka, bila neno hata moja. Nyuma yake kuna tangazo la saa ya mkononi.

Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi kabisa. Meza ni mwisho. Msichana amepata njia, amerudi, wamempikia.

"Apana," alisema rafiki yangu. "Meza ni mwanzo. Walikula, ndiyo wakaenda. Yeye alibaki."

"Alibaki vipi, na sahani ziko tano?"

"Ziko tano kwa sababu bado hajaenda, we mujinga!"

Uani ukagawanyika. Muuza maandazi alikuwa upande wangu, mama yake rafiki yangu hakutaka kusema neno. Tulimpelekea Bibi kurasa zote mbili aamue. Alizitazama kwa mbali, akasema yeye anaona watu wanakula, na wakishamaliza waoshe sahani zao.

Nilijua kwa nini rafiki yangu hakubali. Walipokimbia kartiye yao, kaka yake mkubwa alibaki nyuma kufunga nyumba. Alisema atawakuta njiani. Hakuwakuta, na mpaka siku zile hawakuwa na habari yake. Haikusemwa sana kwao, lakini mama yake alikuwa bado anampakulia. Nilijua yote hayo, na ndiyo maana nilizidi kubisha. Niliona kwamba nikimshinda kwenye hadithi, akikubali kwa kinywa chake kwamba msichana amerudi, basi na kaka atarudi. Ndivyo nilivyofikiri, nisidanganye.

"Kwani we unataka abaki?" nilimuuliza siku moja.

"Sitaki," alisema. "Lakini ndivyo inavyokuwa."

Haukupita muda baba yake akaamua wavuke mpaka pale Gatumba waende Uvira, kwa ndugu zao. Uvira si mbali, taa zake tuliziona ng'ambo ya ziwa. Taksi ilikuja asubuhi, magodoro yakafungwa juu, sisi wawili tukaagana kwa namna yetu. Yeye yuko dirishani, mimi nakimbia pembeni ya gari.

"Mwisho!" nampigia kelele.

"Mwanzo!" ananijibu.

"Mwisho!"

Taksi ikakata kona. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu, nikafungua kopo nijisomee, na ukurasa wa mlango haukuwamo.

Mwizi! Nililia kwa hasira mpaka Bibi akadhani nimeng'atwa na nge. Ebu fikiria, bila ule ukurasa meza yangu haina maana. Mashujaa wanakwenda, wanapigana, halafu wanakula tu. Hakuna aliyebaki, kwa hiyo hakuna aliyerudi. Alikuwa amenishinda kwa kuondoka na mlango wenyewe, na nilijua kabisa kwamba amefanya kusudi.

Muda si muda vita vikalipuka upande ule pia. Watu waliotoka kwetu kwenda huko wakatawanyika, wengine milimani, wengine wakavuka ziwa, na habari zikakatika. Wafanyabiashara wa Gatumba waliokuja kununua viungo niliwauliza wote, na wote walitikisa kichwa. Mama alianza kumtaja rafiki yangu kwa ile sauti ya chini ambayo watu wazima wanaitumia.

"Tumuombee, mwanangu," aliniambia.

"Mi simuombei," nikamjibu. "Mi nina hasira naye."

Mama alishtuka, akasema nina roho mbaya. Haikuwa roho mbaya. Mtu aliyekufa humkasirikii, unamsamehe siku hiyohiyo, kila kitu. Kwa hiyo nilikataa kumsamehe. Kila nilipoanza kuogopa nilifungua kopo, nikahesabu, nikaona ukurasa haupo, nikasema mwizi yule, akirudi atanitambua, na woga ukapungua. Niliitunza hasira yangu mwaka baada ya mwaka. Nilimaliza shule nayo. Shuleni nilikataa urafiki wa wasichana wawili watatu kwa sababu hawakujua kubishana.

Vita vilipoanza kuchoka, watu wakarudi kupitia Gatumba na vifurushi vyao, mimi nilikuwa mwanamke mzima nasimamia kaunta. Bibi alikaa nyuma yangu kwenye kiti, macho yamepoteza nuru lakini mikono haijasahau kitu. Mji ulishajaa mifuko ya plastiki na yeye aliikataa katakata. "Haipumui," alisema, na karatasi zikaendelea kukatwa pembeni, sasa kwa mkasi wangu.

Akaingia mwanamke mrefu mwembamba, mtoto amelala mgongoni.

"Karafuu," akasema. "Nifungie humu."

Akaweka karatasi kwenye kaunta. Niliitambua karatasi kabla sijamtambua yeye. Imekatwa pande zote nne, rangi zimefifia, na mikono miwili midogo bado inasukuma ubao. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu utoto, ndefu, yenye matusi ya Kiswahili na ya Kirundi. Nikashika mizani.

"Mwizi," nikasema. Ni hilo tu lililotoka.

"Nilikuachia meza," akajibu. "Ulitaka vyote viwili?"

Nilicheka, na machozi yananitoka, na sikujua nifanye nini na mikono. Nikamuuliza juu ya kaka yake kwa macho tu. Akanielewa.

"Yeye apana," alisema. "Yeye alibaki."

Mtoto akajinyoosha mgongoni, yeye akamtikisa taratibu hadi akatulia. Kisha akagonga karatasi kwa kidole, kama alivyokuwa akigonga zamani akitaka kuanza ubishi.

"Lakini huyu, ulisema kweli. Meza ni mwisho."

"Umejuaje?"

"Eh! Si nimerudi? Hunioni?"

Nilimwona. Nilimwona vizuri sana. Tulikuwa bado tunatazamana hivyo wakati mkono wa Bibi ulipokuja kutoka nyuma. Alishasikia mteja anataka karafuu, na anaona duka linachelewa. Akapapasa kaunta, akaikuta karatasi, akaizungusha mara moja, ikawa pembe, akachota karafuu.

Sote wawili tukapiga kelele.

"Subhanallah!" Bibi akaruka, karafuu zikatawanyika. "Karatasi tu hii, munanipigia makelele ya..." Ile pembe bado iko mkononi, akainamisha kichwa upande. "Wawili," akasema polepole. "Nimesikia wawili."

"Shikamoo, Bibi," alisema rafiki yangu.

Bibi alitandika ile karatasi juu ya goti lake, akaisawazisha kwa kiganja mara kadhaa, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya kwa karatasi yoyote. Kisha akanyoosha mkono mbele, hewani, na rafiki yangu akazunguka kaunta, akapiga magoti, akaweka uso wake pale. Bibi alimshika mashavu, pua, masikio, akamshika na mtoto mguu.

"Umekonda," akasema. "Leteni kiti. Na mupunguze makelele."

Karafuu tulizifunga kwenye tangazo la sabuni.