Doa Jekundu Kando ya Lundo

Obed Thurlow alikuwa mchoraji wa mandhari, na ubishi wake haukuwa na dawa. Hakuongeza mti ambao haukuwapo, hakupunguza wingu. Nyuma ya kila kibao alichochorea aliandika saa na upepo ulikotoka. Pale kijijini kwao Suffolk, Uingereza, walimcheka: mtu mzima anashinda kondeni akihesabu mawingu, na baba yake kaacha kinu cha kusaga unga! Kinu kiliendeshwa na kaka yake Jabez, bonge la mtu, leso nyekundu shingoni kiangazi na kipupwe. Ndiye aliyemlea Obed.

Novemba moja vibarua walichoka kulala njaa huku mashine ikipura ngano waliyozoea kupura wao. Waliivunja kwa nyundo, wakampasua msimamizi taya, na Jumanne mchana lundo la ngano la tajiri Brewster likateketea. Akakamatwa Amos Girling, mlimaji asiyejua kufunga mdomo mbele ya matajiri. Walimburuta nyuma ya farasi hadi gerezani. Adhabu ya kuchoma lundo ilikuwa kitanzi.

Obed alikuwa kilimani akichora mchana ule. Kibao chake kilionyesha Amos kule bondeni akilima na farasi mweupe, moshi ndio kwanza unaanza, na karibu zaidi, kando ya lundo, doa moja jekundu. Farasi mweupe alikuwa mmoja tu, na hakumkubali mtu ila Amos.

Siku mbili alikigeuzageuza kibao. Siku ya tatu alichukua kisu chake cha kuchanganyia rangi akalikwangua lile doa, akapaka kahawia. Hakuwahi kusema uongo kwa brashi, na aliona aibu, lakini damu ni nzito kuliko maji. Amos apone, na Jabez apone.

Jabez hakujua. Alisikia kilabuni tu kwamba mdogo wake ana picha ya moto. Aliupiga mlango wa Obed teke ukang'oka bawaba.

"Kibao kiko wapi?"

"Kaka, kaa kwanza nikueleze."

"Utanieleza nikiwa nimening'inia?"

Alimkaba akambamiza ukutani. Obed, akitafuta pumzi, akamkata shavu kwa kisu cha rangi. Ndipo Jabez akaulaza mkono wa kulia wa mdogo wake mezani, akaushindilia jiwe la kusagia rangi mara moja, mbili, tatu, mpaka vidole havikujulikana kipi ni kipi. Kisha akakitupa kibao motoni bila kukitazama. Laiti angekitazama! Hasira hasara, ila safari hii hasara ilimwangukia mwingine.

"Nilishakufuta, kaka," Obed alisema pale sakafuni.

Jabez alisimama, damu ya shavu ikimtonea kwenye leso, rangi ikichemka juu ya ubao.

Obed alikwenda mahakamani mkono umefungwa. Aliapa kwamba saa nane Amos alikuwa akilima. Jaji akataka picha, akaambiwa imeungua. Akauliza, basi, kwenye lundo alikuwa nani? Jabez alikuwa ameketi nyuma, bandeji shavuni.

"Sikuona mtu, Mheshimiwa."

"Farasi wa bondeni umemwona, mtu wa karibu hukumwona?"

Mahakama nzima ikacheka. Amos alinyongwa Jumamosi. Njaa ilikuwa imemfanya mwepesi, ikabidi wamvute miguu. Mkewe, Keziah, alimtemea Obed mate usoni mbele ya watu, na mimi simlaumu.

Obed akajifunza kuchora kwa mkono wa kushoto. Miaka ishirini na mitatu alichora konde lile lile: farasi mweupe, plau, nyuma ya plau hakuna mtu, na kando ya lundo doa jekundu. Kila kibao alikiacha mlangoni pa kinu. Jabez hakuchoma hata kimoja. Alipokufa walivikuta vyote ghalani, vimegeuzwa uso ukutani, na nyuma ya kila kimoja maandishi yaliyopinda: saa nane mchana, upepo wa mashariki.