Hina kwenye Unyayo wa Kulia

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumatano, dada yangu alipoacha kukanyaga cherehani katikati ya mshono. Naijua saa kwa sababu niliitazama. Miaka yote niliyokaa naye Ng'ambo sikuwahi kumwona akisimama kabla ya kumaliza upande alioushika.

"Nini?" nikamuuliza.

"Mguu. Kama nimekanyaga kaa la moto."

Alivua kandambili, akausugua unyayo wa kulia, akaendelea kushona. Mimi nikaandika kwenye daftari.

Kuandika ndiyo kazi yangu. Shambani Kizimbani napima mvua kila asubuhi na kuweka rekodi za miche ya mikarafuu: rangi ya majani kwanza, kisha urefu, kisha hali ya gome. Skuli niliacha kidato cha pili, baba alipofariki. Mengine ninayoyajua nimejifunza kwenye vitabu vya mitumba, na vitabu hivyo alininunulia dada kwa mguu ule ule wa cherehani. Amenizidi miaka tisa. Hakuolewa tena baada ya kuachwa, nami sikuoa, tukaishi wawili. Watu wakija kumuuliza jambo la hospitali alikuwa akiwaambia, "Msubirini msomi wetu arudi shamba." Akitaka kunitania huniita daktari wa magazeti, lakini hanywi dawa mpaka niisome karatasi yake.

Kwa hivyo maumivu yalipozidi, mwezi wa pili, hakumuuliza mtu mwengine.

"Wewe ndiye unayesoma," akasema. "Nambie niende kwa nani."

Nikachora jedwali. Siku, saa, mahali panapouma, panauma vipi, kinachozidisha, kinachopunguza. Kisigino, asubuhi. Vidole, akitembea mpaka sokoni. Akisimama kidogo hutulia. Kuungua, akilala. Kwenye safu ya kinachopunguza niliandika: akiuning'iniza mguu nje ya kitanda.

Safu ya rangi sikuiweka. Jirani yetu alikuwa ameshamwambia kwamba hina hupoza unyayo unaoungua, nami sikuona ubaya wake. Kila Alkhamisi nikaikoroga mwenyewe kwa maji ya ndimu, nikampaka kutoka kisiginoni mpaka kwenye kucha. Mguu ule haukuwa na rangi yake tena ya kuandikwa.

"Mwanamme mzima unampaka hina dadako," alikuwa akicheka. "Wakikuona huko shamba!"

"Tulia, usitikise."

"Basi nichore na maua, huenda nikaposwa."

Kwa nilivyosoma, madaktari bingwa walioweza kuhusika walikuwa watatu: wa mifupa, wa mishipa ya fahamu na wa mishipa ya damu. Wa mifupa alikuwa na kliniki Mji Mkongwe, tunaweza kwenda kwa miguu. Wa mishipa ya fahamu alikuja kutoka bara mara moja kwa mwezi. Wa mishipa ya damu, kwa nilivyoulizia, ilibidi tumfuate Dar es Salaam, watu wawili, boti ya kwenda na kurudi. Nikakaa siku nne nikiwapa alama, dalili moja baada ya nyengine. Mifupa ikapata saba, damu sita, fahamu nne. Lile la kuning'iniza mguu nililipa alama moja, sawa na mengine yote. Kisha nikajumlisha gharama za Dar es Salaam, nikatoa za Mji Mkongwe, nikaandika tofauti chini ya ukurasa na kuipigia mistari miwili.

"Mifupa," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Nimepima, dada."

"Haya. Mifupa."

Daktari alikuwa mtu mpole. Aliuona mguu ulivyoiva hina, akatabasamu.

"Bi mkubwa, tulikuwa na harusi?"

"Harusi ya nani, daktari? Dawa hiyo. Kanipaka ndugu yangu huyu."

Akambonyeza kisigino, dada akaruka. Picha ya eksirei ikaonesha kijifupa kilichochomoza chini ya kisigino. Daktari akanionesha kwa ncha ya kalamu.

"Mchokozi wetu huyu hapa. Kuna jengine la kunambia?"

Daftari lilikuwa mapajani mwangu, limefunguliwa. Nilikuwa na kurasa nzima za kumsomea. Lakini mfupa ulikuwa ukionekana pale kwenye mwanga, na niliyeuchagua ni mimi, na nilikuwa nimefurahi. Nikasema hakuna.

Alipewa vidonge na soli laini za kuweka ndani ya viatu. Kwa wiki tano niliandika: afadhali, afadhali kidogo, afadhali. Sasa naamini alikuwa akisema hivyo kwa sababu aliiona kalamu inasubiri.

Wiki ya sita hina ilikuwa imetuishia Alkhamisi mbili mfululizo. Jumamosi asubuhi alikaa uani akichambua mchele, miguu ameinyoosha. Unyayo ulikuwa umepauka, umekuwa rangi ya chungwa. Kidole cha nne peke yake kilikuwa bado cheusi.

"Hapo imekolea," akasema, alipoona natazama.

Nikakishika. Kilikuwa baridi. Nikakibonyeza kwa nguvu, naye akaendelea kuchambua mchele.

Jumatatu tulikuwa Dar es Salaam. Daktari wa mishipa ya damu aliusikiliza mguu kwa kifaa chake, mahali baada ya mahali, kisha akauliza swali moja.

"Mama, ukilala unauweka vipi?"

"Nauning'iniza," dada akajibu.

"Tangu lini?"

Dada akanigeukia. Nikafungua daftari nikamtajia siku na saa. Daktari hakunilaumu. Alilitazama daftari tu.

Wakaukata chini ya goti.

Alipopata nguvu alijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto, mshono ukaenda upogo, akaufumua wote. Siku hizi nikirudi shamba hukaa karibu yake, mimi nakanyaga, yeye anaongoza kitambaa.

"Polepole, msomi. Unakimbilia wapi?"

Jumatano iliyopita aliinua mkono, nikaacha kukanyaga. Akanambia nilete daftari lile.

"Nisomee."

"Wapi?"

"Pote. Umeniandika miezi na hujanisomea hata siku moja."

Nikamsomea kuanzia saa kumi na dakika ishirini. Kisigino, vidole, kuungua. Mguu nje ya kitanda. Nikamsomea alama: saba, sita, nne. Nikafunga.

"Na pale chini, penye mistari miwili?"

"Hesabu tu, dada."

"Soma."

Nikafungua tena.

"Pesa zilizookolewa," nikasoma, "shilingi laki moja na elfu themanini na tano."