Nilimvunja Simbeye Meno kwa Wimbo Nilioukosea Mwenyewe

Kosa ni langu, simsingizii shetani wala pombe. Siku ile nilikuwa nimekunywa chai tu!

Miaka ile ya Ujamaa niliongoza bendi ndogo hapa Tunduma, nikipiga gitaa. Nikapata santuri ya jazi kutoka ng'ambo, Zambia. Kazi yangu ilikuwa kuusikiliza wimbo, kuzitafuta kodi zake, yaani sauti zinazopigwa pamoja chini ya wimbo, kwenye gitaa na kuziandika, ili Simbeye, mpuliza tarumbeta wetu, ajue apite wapi anapojitungia papo hapo.

Siku ya kwanza nikaandika mwanzo: sauti ya F. Sehemu ya katikati niliirudia siku tatu, sindano juu, sindano chini. Nikaandika: hapa wimbo unashuka nusu sauti, E. Nilijiona profesa!

Simbeye alikulia ng'ambo akiupiga wimbo huo huo. Akakataa.

"Awe, kaka! Haushuki huu. Ni F mpaka mwisho."

"Kiongozi ni mimi," nikamkata.

Jumapili mchana tukapiga dansi mji jirani wa Mpemba, ukumbi umejaa. Tulipofika katikati mimi nikashuka, yeye akabaki F. Mlio ukawa wa kukera masikio, watu wakazomea. Akanigeukia akicheka, "Panda, kaka, panda!" akarudisha tarumbeta mdomoni.

Jamani! Nililivua gitaa, nikalishika shingo, nikampiga nalo. Lilitua kwenye tarumbeta, tarumbeta likaingia kinywani. Alipoanguka nikamwongeza mateke ya mbavu, mpaka mpiga ngoma akanikaba. Meno manne ya mbele yalibaki sakafuni, mdomo wa juu umepasuka hadi puani.

Mpuliza tarumbeta bila meno ya mbele hapulizi kitu!

Miezi ikapita. Betri zilikuwa adimu wakati ule. Zile za mashine yangu ya santuri nilikuwa nazianika juani zipate nguvu kidogo. Siku nilipopata mpya nikaupiga tena ule wimbo. F mpaka mwisho! Kumbe siku zile tatu betri zilikuwa zimechoka, santuri ikazunguka polepole, sauti ikashuka. Nililia peke yangu.

Nilimfuata Simbeye kijijini Ndalambo, anakolima mahindi, nikamweleza yote. "Si nilikuambia, kaka," akasema kwa kithembe. Akaingia ndani, akanitolea tarumbeta lake. "Lichukue. Kwangu halina kazi."

Wewe unayeongoza wenzako, mtu akikwambia umekosea, rudi ukasikilize upya kabla hujainua mkono. Mimi nilisikiliza baadaye. Meno ya mtu hayaoti mara ya tatu!