Mahindi ya Juu ya Moto

Mtoto akimuuliza swali jikoni, Syombua hakujibu papo hapo. Alifuta mikono kwenye leso, akatazama alichokuwa akipika, kisha akasema, "Basi tujaribu." Hata alipoota mvi hakuacha. Ndivyo Ndila, kitinda mimba wake, alivyojua kwamba yai lililozama majini huelea maji yakitiwa chumvi ya kutosha.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya sabini, ukame uliwaachia mahindi ya mbegu tu pale kwao, nje kidogo ya Migwani. Yalining'inia juu ya moto, moshi uyakinge na fukusi. Kwa kuwaogopa fukusi, Nzioka, baba yake Ndila, aliyashusha karibu kabisa na ndimi za moto. Sasa alitaka kuyapanda yote vumbini, mvua iyakute ardhini.

"Mama," Ndila akauliza, "yakipata moto hivi, bado yako hai?"

Walipukuchua punje chache, wakazifunga kwenye kitambaa kibichi. Katika kitambaa cha pili wakatia punje za mahindi ya jirani yao Kalunde, aliyehifadhi mbegu zake kibuyuni. Wakavificha vyote ndani ya sufuria kuukuu, na kila asubuhi Ndila akavinyunyizia maji.

"Mama Ndila, siku hizi unauguza mahindi?" Nzioka alicheka. "Mvua ikinikuta sijapanda, tutapika hicho kitambaa."

"Ngoja kidogo, Baba Ndila. Wagonjwa hawajaamka."

Punje za Kalunde ziliamka, zikatoa mizizi myeupe. Za kwao zilivimba tu, zikateleza na kunuka. Ndila alilia kana kwamba swali lake ndilo lililoziua. Nzioka alibinya moja, ikapasuka na kutoa uji.

"Ningezika shamba zima," akasema polepole.

Kesho yake alimswaga beberu wao hadi sokoni, akarudi na mbegu begani. Safari hii yeye ndiye aliyechungulia sufuria kila mara, mpaka Ndila akamfukuza jikoni. Zilichipua. Zikapandwa, na mvua ikazikuta.

Miaka mingi baadaye Syombua alilazwa hospitalini Kitui. Ndila, mwalimu sasa, aliketi kando ya kitanda huku mawingu yakijikusanya nje ya dirisha. Akamwambia mama yake kwamba shamba litasubiri, watapanda wote akipona.

Syombua alimgeukia.

"Usiningoje," akasema. "Nenda ukapande."